Uwanja wa gofu wenye miti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Tabora

Ukurasa huu nimewaandikia wenzangu wa Tabora wanaocheza gofu wakisafiri, wanaoitazama kwenye televisheni, na wale wanaopita kwenye miembe yetu mikubwa wakijiuliza kama mchezo huu ungependeza hapa. Nimejibu zaidi kuhusu viwanja vya miti, kwa sababu miti ndiyo tuliyojaliwa.

Uwanja wa miti ni upi hasa?

Ni uwanja ulio mbali na bahari, wenye nyasi laini zilizokatwa na miti inayotenganisha shimo moja na jingine (shimo hapa ni njia nzima ya kuchezea, kutoka sehemu ya kuanzia hadi kishimo chenyewe). Asili ya mtindo huu ni bustani pana za makabaila wa Uingereza, zenye majani na miti mikubwa iliyosimama mmojammoja. Gofu yenyewe ilikulia kwingine kabisa, kwenye michanga ya pwani ya Uskoti, ambako kuna upepo mwingi na miti ni haba. St Andrews, walikofikia mashimo 18 mwaka 1764, bado ni uwanja wa namna hiyo. Kwetu Tanzania, ukitaka kuonja ladha ya uwanja wa bara, nenda Arusha au Moshi.

Kinachomfanya mtu aufurahie ni nini?

Nafasi ya kuchagua. Ndilo jibu langu, na mengine yote ya ukurasa huu yanatoka humo.

Simama kwenye sehemu ya kuanzia na utazame mbele. Uwanja mzuri unakuuliza swali: upite kulia karibu na ule mti, ambako ukifanikiwa utabakiwa na pigo jepesi la kuingia kwenye grini (eneo la nyasi fupi sana lenye kishimo), au upite kushoto kulikopana na salama, halafu pigo la pili liwe gumu? Mchezaji hodari na mama aliyeanza mwezi uliopita wote wana jibu lao. Uwanja mbaya hauulizi kitu. Unakuonyesha uchochoro kati ya kuta mbili za miti na kukuamuru upige katikati. Ukikosea unachomoa mpira pembeni, unarudi kwenye uchochoro, unaendelea. Baada ya mashimo sita hivi mtu amechoka, si miguu, bali moyo.

Alister MacKenzie, daktari wa tiba aliyeacha udaktari na kuwa msanifu wa viwanja, aliandika mwaka 1920 kanuni 13 za uwanja bora. Mojawapo inasema uwanja usimlazimishe mchezaji kuhangaika kutafuta mipira iliyopotea. Nyingine inataka mwendo mfupi kutoka grini moja hadi sehemu ya kuanzia inayofuata. Karne imepita, na bado ukimwuliza mchezaji wa kawaida kilichomuudhi leo, atakutajia moja ya hayo mawili.

Miti ikiwa mingi zaidi, si ndiyo uzuri zaidi?

Hapana, na hapa ndipo wapenda miti (nami nimo) tunapohitaji kujizuia.

Uwanja wa Oakmont, Pennsylvania, Marekani, ulianzishwa mwaka 1903 kwenye ardhi ya wazi. Katikati ya karne iliyopita wakaupanda miti kwa maelfu ili upendeze. Miti ikakua. Vivuli vikaua nyasi, njia zikawa nyembamba, na upepo uliokuwa sehemu ya mchezo ukazibwa. Kuanzia miaka ya 1990 wakaanza kuiondoa, mwanzoni alfajiri kabla ya wanachama kufika, kwa kuwa walijua kutakuwa na kelele. Maelfu ya miti imeondoka, na leo ukisimama karibu na jengo la klabu unauona uwanja karibu wote kwa mtazamo mmoja. Mashindano makubwa ya Marekani yanaendelea kufanyika hapo, yakiwemo ya mwaka 2025.

Lakini mti mmoja uliosimama mahali pake una nguvu kuliko msitu. Kwenye uwanja wa Augusta National, jimbo la Georgia, Marekani, kulikuwa na msonobari upande wa kushoto wa shimo la 17. Rais Eisenhower, aliyekuwa mwanachama, aliupiga kwa mpira mara nyingi hadi mwaka 1956 akapendekeza kwenye kikao ukatwe. Mwenyekiti hakubishana na rais wa nchi, aliahirisha kikao. Mti ukabaki na kupewa jina la Eisenhower, mpaka dhoruba ya barafu ya Februari 2014 ilipouharibu ukalazimika kuondolewa. Mti mmoja ulisumbua vichwa vya watu kwa miongo mingi, kwa sababu kila mchezaji aliweza kuupita kulia, kushoto au juu, na ilimbidi aamue.

Kipimo changu ni hiki: mti unaokupa njia mbili ubaki, na mti unaokuziba njia zote uondoke, hata kama ni mzuri.

Miti ipi ya Tabora inafaa?

Mwembe ni mzuri na mgumu kwa wakati mmoja. Kivuli chake ni cha baraka, hasa pale watu wanaposubiri zamu yao. Ila ni kizito mno kwa nyasi, na ardhi ya chini yake itabaki tupu hata umwagilie maji usiku na mchana. Usishindane nao. Fagia, acha udongo mgumu na safi, na pogoa matawi ya chini hadi mtu mzima apite bila kuinama. Hapo mchezaji aliyeingia chini ya mwembe anauona mpira wake, anachukua fimbo ya pigo la chini, na anaukimbiza mpira utoke chini ya matawi. Lile ni pigo tamu mno, na ni mti uliopogolewa tu unaoliruhusu.

Mninga hupukutisha majani kiangazi na kichwa chake hupitisha mwanga, kwa hiyo nyasi huishi nao vizuri. Ukiukuta umesimama kwenye eneo, mpango wa shimo uufuate mti. Usidhani utakata kisha upande mwingine: mche wa mninga hufa juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku ukijenga mzizi, ndipo uanze kupanda. Hayo ni maisha ya watu wawili.

Miyombo na mitundu ndiyo mapambo yetu. Mwezi Septemba na Oktoba, kabla hata tone la mvua halijaanguka, inatoa majani machanga mekundu na ya rangi ya shaba. Wenzetu Wamarekani hupanga safari kwenda kuona maua ya Augusta mwezi Aprili. Ninaamini kabisa kwamba mstari wa miyombo nyuma ya grini mwezi Oktoba unastahili safari ya namna hiyo.

Mkaratusi siupendekezi karibu na nyasi za kuchezea: unashindania maji, unamwaga magamba na majani mwaka mzima. Mjohoro uwekwe mpakani, unazuia vumbi na macho ya barabarani. Jakaranda mbili tatu karibu na jengo la klabu zinatosha.

Jambo moja la jua, maana wengi hulisahau. Tabora iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo jua letu hupita karibu na utosi mwaka mzima. Mti ulio kaskazini au kusini mwa grini hausumbui sana. Ulio mashariki unainyima grini mwanga wa asubuhi, na hapo umande hukaa, ugonjwa wa ukungu wa nyasi huingia, na grini huanza kuwa na vipara. Kama ni lazima ukate mti mmoja kwenye uwanja mzima, anza na huo.

Nyasi za kwenye televisheni tutazitoa wapi?

Si lazima uende mbali. Nyasi inayotawala viwanja vya nchi za joto duniani ni ukoka, uleule unaotambaa kando ya barabara zetu. Watafiti wa Tifton, Georgia, waliuchanganya na ndugu yake mwembamba wa Afrika Kusini, na mwaka 1960 wakatoa aina ya Tifway, ambayo hadi leo iko kwenye viwanja vya gofu na vya mpira wa miguu vya nchi nyingi. Nyasi nyingine inayotumika sana, ile ya Kikuyu, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki hizihizi. Tunanunua kwa wenzetu kilichotoka kwetu.

Kwenye feawei, yaani njia ya nyasi fupi kutoka sehemu ya kuanzia hadi grini, ukoka wa kawaida ukikatwa kwa urefu wa milimita 12 hadi 15 unacheza vizuri. Grini ndiyo yenye kazi: milimita 3 hadi 4, mashine yenye visu vikali, mchanga mwembamba unaonyunyizwa mara kwa mara, na mtu anayeijua kazi yake. Fedha ikiwa haba, iende kwenye grini. Mchezaji husamehe feawei yenye mabaka, lakini grini inayorusha mpira ovyo inafuta kila pigo zuri lililotangulia.

Rafu, yaani nyasi ndefu za pembeni, chini ya miti isizidi urefu wa kifundo cha mguu. Sheria tangu 2019 inampa mchezaji dakika 3 tu za kutafuta mpira, badala ya 5 za zamani. Rafu ndefu maana yake ni watu kukaa wakipekua majani, na kundi la nyuma kukunja mikono.

Kiangazi chetu ni kirefu. Maji je?

Kuanzia Mei hadi Oktoba hatuna mvua ya kutegemea, na watu wa Tabora hatuhitaji kukumbushwa thamani ya maji. Uwanja unaomwagiliwa wote, kutoka ukuta hadi ukuta, haupaswi kuwepo hapa. Mwagilia grini na sehemu za kuanzia; feawei ziache ziwe za rangi ya kahawia. Ukoka haufi, unalala, mvua za Novemba zikija unaamka. Tena ardhi kavu inaongeza utamu wa mchezo: mpira unaruka na kuviringika, na anayepiga mita 130 anajikuta amefika 160. Mzee mwenye nguvu chache anapata burudani kuliko kwenye zulia lililolowa.

Kuna njia nyingine ya zamani, iliyotumika sehemu nyingi za Afrika na hata Australia: badala ya grini ya nyasi wanatengeneza duara la mchanga uliochanganywa na mafuta ili usipeperuke, unalainishwa kwa reki kabla ya kuputi, yaani kusukuma mpira polepole kuelekea kishimo. Mpira unakwenda moja kwa moja na polepole. Mafuta machafu ya magari nisingeyamwaga ardhini leo, lakini wazo lenyewe la grini ya mchanga halina aibu yoyote kwa klabu inayoanza.

Tabora ni tambarare. Uwanja hautachosha?

Tambarare si tatizo kama grini zimeinuliwa kidogo na kupewa miteremko. Nusu mita tu ya kuinuka inabadilisha pigo zima. Tena tuna mawe makubwa ya matale yanayochomoza hapa na pale. Jiwe la namna hiyo kando ya grini ni pambo na ni kikwazo, na halidai mshahara wa mtunza bustani. Kutembea kwenye ardhi sawa ni faida pia. Mashimo 18 ni mwendo wa kilomita kadhaa.

Bunka (mitego ya mchanga) na mabwawa yawe mangapi?

Machache. Augusta ilipofunguliwa ilikuwa na bunka 22 tu kwa mashimo 18, na hakuna aliyesema ni rahisi. Kila bunka ni mchanga wa kununua, wa kusawazisha kila asubuhi na wa kuurudisha baada ya kila mvua kubwa kuusomba. Iweke pale inapouliza swali, siyo pale inapomwadhibu anayeanza ambaye tayari amepiga vibaya. Bwawa liwepo kama lina kazi ya kuhifadhi maji ya mvua kwa ajili ya kumwagilia. Bwawa la urembo tupu silitaki.

Mashimo yapangwe vipi?

Lisianze shimo la kwanza likielekea mashariki, wala la mwisho likielekea magharibi. Watu huanza asubuhi na kumaliza jioni, na jua la machoni linaua furaha na kupoteza mipira.

Upepo wetu wa kiangazi huja zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki. Mashimo yageuke pande mbalimbali ili usicheze na upepo uleule usoni saa mbili mfululizo. Mashimo tisa yarudi nyumbani, kisha tisa mengine yatoke na kurudi. Mwenye muda wa saa mbili tu acheze yake aende kazini. Kati ya grini na sehemu ya kuanzia inayofuata, hatua thelathini hadi hamsini zinatosha. Kati ya mistari ya mashimo mawili yaliyo sambamba iachwe zaidi ya mita 60, maana mpira wa gofu ni mgumu na haubishi hodi.

Kisha urefu. Mashimo mafupi yasifanane: moja la mita 100, jingine la 140, jingine la 180. Na liwepo angalau shimo moja fupi la pigo nne (linalotarajiwa kumalizwa kwa mapigo manne) ambalo mwenye nguvu atashawishika kulifikia kwa pigo moja huku mti ukimwonya. Mashimo ya namna hiyo ndiyo watu wanayoyasimulia wakikaa chini.

Wanaoanza, wanawake na watoto wacheze pamoja na mabingwa?

Ndiyo, kwa kuweka sehemu za kuanzia tatu au nne kwa kila shimo. Ya mbele kabisa isiwe imesukumwa pembeni kama wazo la baadaye. Iwe imesawazishwa na kukatwa sawasawa na ya nyuma. Hendikapu, yaani mapigo anayopunguziwa mchezaji asiye hodari, nayo inasaidia: chini ya mfumo wa dunia ulioanza 2020, inaweza kufika hadi 54, hivyo mtu mgeni anaweza kushindana kwa haki na mzoefu. Gofu ina kitu hiki ambacho michezo mingi haina.

Ni kweli mpira unakwenda mbali zaidi Tabora kuliko Dar es Salaam?

Kweli. Tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na pigo linaongezeka kwa takriban asilimia 4. Mita 150 za Dar ni kama 156 hapa. Shuka fimbo moja, yaani chukua inayopiga karibu zaidi, kama upepo uko nyuma.

Mpira umeegemea embe lililoanguka. Nifanye nini?

Liondoe, hakuna adhabu, ila mpira usisogee. Embe lililoanguka, jani na kijiti kikavu vyote ni vya kuondolewa, hata ndani ya bunka tangu 2019. Kilichoshikamana na mti usikivunje.

Na mpira ukinasa juu ya mti?

Kama unautambua kuwa ni wako, unatangaza kuwa hauchezeki, unalipa pigo moja, na unaweza kudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka sehemu ya ardhi iliyo chini yake moja kwa moja, usikaribie shimo. Usipoutambua, mpira umepotea na unarudi ulikopiga. Kwenye miembe minene hili litatokea, kwa hiyo andika alama yako kwenye mpira kabla hujaanza.

Nyuki wakiwa mtini?

Tabora ni mkoa wa asali, swali hili si la mzaha. Sheria inawahesabu nyuki wanaouma kuwa wanyama wa hatari, pamoja na nyoka wenye sumu. Unapewa nafuu ya bure: unahamisha mpira hadi mahali salama, bila pigo la adhabu. Klabu nayo isitundike mizinga karibu na njia za wachezaji. Iwekwe kona ya mbali, na asali isaidie kununua mafuta ya mashine.

Vichuguu?

Kifusi kidogo cha sisimizi unakiondoa kwa mkono. Kichuguu kigumu cha mchwa ni jambo la kamati: wakitangaze kuwa eneo la matengenezo ili mchezaji apate nafuu. Kuvisawazisha vyote nisingeshauri. Kimoja kikubwa chenye mti juu yake ni alama nzuri ya kulengea.

Msimu upi mzuri?

Juni na Julai asubuhi, baridi ikiwa bado kidogo na ardhi imeshakauka. Oktoba ni joto lakini miyombo imevaa. Januari nyasi ni za kijani kuliko wakati wowote, radi nazo ni za kweli. Ukisikia ngurumo, ondoka uwanjani na usijifiche chini ya mti.

Kedi (mbeba mfuko wa fimbo za mchezaji) ni lazima?

Si lazima, lakini uwanja wenye makedi wanaoheshimiwa unafurahisha zaidi. Kedi anajua mpira umeingia wapi, grini inamwaga upande gani, na mgeni anacheza haraka bila hofu. Wachezaji wetu wengi wa kulipwa nchini walianza kwa kubeba mifuko. Klabu inayowapa makedi siku yao ya kucheza inalea mabingwa wake yenyewe.

Nikitaka kuona mfano, niende wapi?

Dar es Salaam kuna Lugalo, uwanja wa jeshi wenye mashimo 18, na Gymkhana. Karibu na Usa River, Arusha, upo Kili Golf wa mashimo 18, uliosanifiwa na David Jones wa Ireland Kaskazini. Wingu likiondoka unaona Meru na Kilimanjaro. Arusha Gymkhana ina mashimo tisa na miti iliyozeeka vizuri. Tembea hata kama huchezi, uombe ruhusa kwanza, na utazame mti mmojammoja ukijiuliza unampa mchezaji njia ngapi.

Tuna eneo lenye miembe nje ya mji. Tuanzie wapi?

Uwanja kamili wa mashimo 18 unataka ekari 120 hadi 180, na matunzo yake yatawashinda. Ekari 30 hivi zinatosha mashimo tisa mafupi. Hata hayo msianze nayo yote. Kabla hamjaita tingatinga, tembeeni eneo hilo asubuhi na jioni, kiangazi na masika, mkiweka alama kwenye kila mti mnaotaka kuuacha. Chagueni sehemu tatu za grini zinazopata jua la asubuhi na zisizotuama maji. Tengenezeni mashimo matatu, mkate nyasi, mchimbe vishimo vya milimita 108, mwalike watoto wa shule za jirani, mcheze msimu mzima. Mtajua wenyewe shimo la nne liende upande gani.